Sumbawanga ni Mbali kwa Nani?

Ndugu msomaji, chukua ramani ya Tanzania, iwe ile ya ukutani au ile iliyomo katika atlasi ya shule ya mtoto wako, uitandaze mezani. Weka ncha ya rula Dar es Salaam, ukingoni mwa Bahari ya Hindi, kisha uielekeze magharibi, kusini kidogo, mpaka ifike Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Piga mstari. Huo ndio mwendo wa ndege. Nakualika tuupime pamoja, kwa sababu katika miji yetu ni jambo la kawaida mno kusikia watu wakisema kuwa Sumbawanga ni mbali. Wengi husema hivyo bila kujiuliza ni mbali kiasi gani, na ni mbali kwa nani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Dar es Salaam iko karibu na longitudo nyuzi 39 na dakika 17 mashariki. Sumbawanga iko karibu na nyuzi 31 na dakika 37. Tofauti yake ni nyuzi 7 na dakika 40. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta kama yetu, kila nyuzi moja ni kilometa 110 hivi. Kwa hiyo kuelekea magharibi tunapata kiasi cha kilometa 845. Kuelekea kusini tunashuka nyuzi 1 na dakika 10 tu, yaani kilometa 130 hivi. Mwachie mwanao wa sekondari aziunganishe namba hizo mbili kwa kanuni ya Pythagoras, naye atakuletea jibu la kilometa 855 hivi. Huo ndio umbali wa Dar es Salaam na Sumbawanga kwa mstari ulionyooka.

Nyuzi hizo zinatuambia jambo jingine pia. Dunia huchukua dakika 4 kujizungusha nyuzi moja. Kwa hiyo jua likichomoza Magogoni, watu wa Sumbawanga hulisubiri kwa kiasi cha nusu saa zaidi. Saa za ukutani ni zile zile, maana nchi nzima inafuata saa moja. Lakini mtoto wa Sumbawanga anayetakiwa kuwahi kengele ya asubuhi huanza safari katika giza, wakati mwenzake wa Temeke amekwisha kuangaziwa na jua. Jioni fidia huja: Dar es Salaam taa zimewashwa, na Sumbawanga mama angali anaona vizuri kupepeta ulezi wake uani.

Sasa tuje kwenye saa za ndege. Ndege za mapanga aina ya Dash 8 Q400, ambazo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuzipokea mwaka 1 wa mageuzi yake mapya, yaani 2016, hubeba abiria 76 na huenda zaidi ya kilometa 600 kwa saa zikiwa juu. Ukiongeza muda wa kupaa na wa kushuka, ndege ya namna hiyo ikiruka moja kwa moja kutoka Dar es Salaam itahitaji kiasi cha saa moja na nusu hivi kufika Sumbawanga. Ndege ndogo ya injini moja, iendayo kilometa 300 kwa saa, itahitaji karibu saa tatu. Hata hizo saa tatu, ndugu msomaji, si nyingi. Wako wafanyakazi wa jijini ambao, mvua ikinyesha, hutumia muda kama huo kutoka kazini hadi nyumbani Mbagala au Gongo la Mboto.

Lakini ndege haihitaji anga peke yake; inahitaji pia mahali pa kutua. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na bawa la ndege hupata nguvu kidogo ya kuinuka. Hivyo ndege hulazimika kukimbia mbali zaidi ardhini kabla ya kuruka kuliko ingekuwa pwani. Kwa miaka mingi kiwanja cha Sumbawanga kilikuwa cha udongo na changarawe, chenye kufaa ndege ndogo tu. Ni katika miaka hii ya 2020 ndipo kazi ya kukipanua na kukitia lami ilipoanza. Utaona basi kwamba saa moja na nusu ya angani ilikuwapo siku zote katika vitabu vya hesabu, lakini haikuwa ya mtu yeyote mpaka pawe na njia ya kutulia ndege.

Hebu tuufuate ule mstari wa rula kwa macho ya abiria aliyekaa dirishani. Ndege inaiacha bahari nyuma, na muda si mrefu inavuka milima ya Uluguru, kusini kidogo ya Morogoro mjini. Inapita kati ya bwawa la Mtera na mji wa Iringa. Halafu inaingia juu ya Hifadhi ya Ruaha, na hapo miji inakwisha. Chini ni miombo, miombo, na miombo tena. Hakuna bati linalong'aa wala vumbi la barabara kuu. Kisha ardhi inatumbukia ghafula, na abiria anaona maji mapana yenye rangi ya udongo: hilo ni Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka kwenda kokote. Ng'ambo ya ziwa ukuta wa milima unasimama. Juu ya ukuta huo iko milima ya Mbizi na msitu wake wanamoishi mbega wekundu, na nyuma tu ya milima hiyo, Sumbawanga.

Safari hiyo ya macho inatueleza kwa nini barabara haikuweza kuufuata mstari. Njia iliyonyooka ina hifadhi ya wanyama, ina pori kubwa lisilo na watu, na ina bonde la Rukwa lenye kingo kali kama kuta za kisima. Kwa hiyo barabara imezunguka kusini. Inatoka Dar es Salaam kwa Chalinze na Morogoro, inakatiza mbuga ya Mikumi, inapanda mlima wa Kitonga, inapita Iringa, Mafinga na Makambako, mpaka Mbeya. Hapo msafiri amekwisha kwenda kiasi cha kilometa 830, karibu sawa kabisa na ule umbali wa ndege hadi Sumbawanga kwenyewe. Angekuwa ndege, angekuwa amekaribia kutua. Lakini yuko Mbeya, na mbele yake zimebaki zaidi ya kilometa 100 kufika Tunduma, mpakani mwa Zambia, na kutoka Tunduma nyingine zaidi ya 220 kurudi kaskazini magharibi, kwa Laela na Mpui, mpaka Sumbawanga. Jumla ni kilometa 1,150 hivi. Basi linaloruhusiwa kwenda kilometa 80 kwa saa lingehitaji zaidi ya saa 14 hata kama lisingesimama popote. Na basi gani lisilosimama? Kuna mizani, kuna vituo vya ukaguzi, kuna Kitonga yenye malori yanayopanda kwa kujivuta, kuna chakula na haja. Siku nzima na sehemu kubwa ya usiku huisha njiani.

Hata hivyo tusiidharau siku hiyo moja. Mei 1879 msafara wa Chama cha Jiografia cha Uingereza uliondoka Dar es Salaam kwenda kwenye maziwa makuu. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwezi uliofuata. Msaidizi wake, Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, akaendelea mbele na wapagazi, wakiongozwa na Chuma, yule yule ambaye miaka michache kabla yake alikuwa miongoni mwa watu walioubeba mwili wa David Livingstone kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo. Walipita kaskazini ya Ziwa Nyasa, na mwanzoni mwa Novemba 1879 wakaliona Ziwa Tanganyika kwenye ncha yake ya kusini. Miezi mitano na nusu kwa miguu, kwa mzunguko unaofanana sana na ule wa basi la leo. Ardhi haikupungua hata hatua moja tangu siku ya Chuma. Kilichopungua ni muda, na muda haukujipunguza wenyewe.

Ulipunguzwa na nani? Ulipunguzwa na wavunja mawe na wamwaga lami. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilitiwa lami katika miaka ya mwanzo ya 1970. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Mbeya na Tunduma. Mwaka 1974 Rukwa ikawa mkoa, Sumbawanga ikiwa makao makuu yake, ili mwananchi asilazimike kufuata uamuzi wa Serikali Mbeya au Tabora. Lakini kipande kile cha Tunduma hadi Sumbawanga kiliendelea kuwa cha vumbi kiangazi na cha tope masika kwa miaka mingi sana. Dereva aliyeondoka Tunduma wakati wa mvua hakuthubutu kutaja saa ya kufika. Alitaja siku, tena kwa kusema Mungu akipenda. Lami ilifika baada ya mkataba wa mwaka 2008 kati ya Tanzania na Marekani kutenga fedha za barabara hiyo, na kazi ikafanyika katika miaka iliyofuata. Na mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, msafiri aliondokewa na ule usiku wa kulala njiani kusubiri kupambazuke.

Pengine utauliza, ndugu msomaji wa mjini, haya yananihusu nini mimi niliye Kariakoo au Keko? Yanakuhusu kwa sababu ya sufuria yako. Uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni nchi ya nyasi fupi, upepo, baridi kali ya Juni na Julai, na udongo ambao mkulima wa Kifipa ameujua kwa vizazi. Desturi yake ya kale ni kufukia majani katika vichuguu vya udongo vya mviringo, yaoze, yawe mbolea, kabla ya kupanda. Huko ndiko yanakotoka mahindi, maharage na ulezi. Kwa miaka mingi Rukwa imehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa minne inayoilisha nchi kwa mahindi.

Katika miaka ya katikati ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya kununulia mahindi nchi nzima. Mkulima wa Laela alilipwa na Shirika la Usagishaji la Taifa sawasawa na mkulima wa Morogoro, ingawa gunia la Laela lilipaswa kusafiri mara tano zaidi kabla ya kufika kwenye kinu cha Dar es Salaam. Gharama ya njia ilibebwa na Taifa zima. Wakulima wa Ufipa waliitikia, wakalima kwa wingi. Katika miaka ya 1980 utaratibu huo ulilegezwa hatua kwa hatua, na biashara ya nafaka ikafunguliwa kwa watu binafsi. Kulikuwa na sababu, maana mzigo wa usafiri ulikuwa umelielemea Shirika na hazina yake. Lakini tujue kilichotokea: umbali uliokuwa umebebwa na wote ulirudishwa mabegani mwa mkulima. Mchuuzi alipofika Laela, jambo la kwanza alilolitoa katika bei lilikuwa gharama ya dizeli, tairi na springi zilizovunjika. Mkulima akawa analipa kila shimo la barabara kwa debe la mahindi yake. Kwa hiyo lami ilipofika Sumbawanga, haikuwafurahisha wenye magari peke yao. Ilikuwa ni nyongeza ya bei shambani.

Hapo ndipo tunapoona mipaka ya ndege. Lori moja kubwa hubeba magunia mia tatu ya mahindi. Hakuna ndege ya abiria itakayoyabeba hayo kwa bei ambayo mpishi wa Manzese ataimudu. Gunia litasafiri kwa barabara daima, na yeyote anayetaka Ufipa istawi hana budi kuiangalia barabara kwanza, pamoja na njia za kutoka mashambani kwenda kwenye barabara hiyo.

Lakini kuna safari ambazo haziwezi kusubiri kama gunia. Mfikirie mfanyakazi wa kiwandani jijini, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Ufipa. Zamani habari ya msiba ilimfikia kwa telegramu au kwa barua, na mara nyingi alipoisoma, mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Alichobaki nacho ni kufunga khanga ya kumbukumbu katika sanduku na kungoja likizo. Leo habari inafika kwa simu ya mkononi katika dakika ile ile. Anasikia vilio vya dada zake kana kwamba wako chumba cha pili. Sauti imefika, lakini yeye bado yuko kilometa 1,150. Wazee kijijini wanauliza: Tumngoje, au tuzike? Katika swali hilo, saa 20 za basi na saa moja na nusu ya ndege hazitofautiani kwa tarakimu tu. Tofauti yake ni kutupa udongo kaburini kwa mkono wako mwenyewe, au kuonyeshwa tuta.

Mfikirie na mgonjwa. Sumbawanga ina hospitali, lakini maradhi yanayohitaji mabingwa hupelekwa Mbeya, zaidi ya kilometa 300, au Muhimbili. Mama aliyelazwa kitandani katika gari la wagonjwa hazihesabu kilometa. Anahesabu matuta ya barabarani. Kwa hawa wawili, mfiwa na mgonjwa, kiwanja cha ndege si pambo la mkoa wala fahari ya wakubwa. Ni kweli pia kwamba nauli ya ndege ni mara kadhaa ya nauli ya basi, na si kila mfiwa ana akiba hiyo. Ndiyo maana tusiseme kwamba umbali umekwisha kwa sababu ndege inaweza kutua. Umbali hukwisha siku ambayo mtu wa kawaida anaweza kuulipia.

Sasa turudi kwenye lile neno, mbali. Wafanyakazi wengi wa serikali wamewahi kuipokea barua ya uhamisho wa kwenda Sumbawanga kama hukumu. Wengine hutaja uchawi, wakicheka huku wameogopa. Wenyeji hueleza kwamba jina lenyewe, kwa Kifipa, lina maana ya "tupa uchawi". Tazama basi kichekesho chake: mji unaomwamuru mgeni aache uchawi nje ya mlango ndio uliosingiziwa kuwa nyumba ya uchawi! Mahali pasipofikika kwa urahisi husimuliwa na wale ambao hawajafika, na uvumi hauhitaji barabara ya lami.

Anayefika huona mambo mengine. Huona mabaki ya malungu, yale matanuri marefu ya udongo yanayopita kimo cha mtu, ambamo wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma kwa hewa iliyoingia yenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Husikia habari za falme za Nkansi na Lyangalile, na za kitambaa cha seketa kilichofumwa kwa pamba. Nchi iliyotengeneza majembe yake na nguo zake haikujiona iko pembeni mwa kitu chochote. Majirani ndio walioifuata. Akishuka magharibi kwa Matai, kiasi cha kilometa 110, atafika bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika, ambako kwa miaka mingi ilitia nanga meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Atanunua migebuka. Njiani anaweza kugeuka kuyatazama maporomoko ya Kalambo, yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja mpakani mwa Zambia. Kwa mtu aliyesimama hapo, Zambia iko ng'ambo ya korongo na Kongo iko ng'ambo ya ziwa. Kwake yeye, kilicho mbali ni Dar es Salaam.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, barua ya uhamisho ikikujia, usianze kwa kuuliza nani amekuchongea. Fungasha sweta, waambie watoto kwamba jua la huko litachelewa nusu saa, na uende ukafanye kazi, maana watoto wa Ufipa nao wanahitaji mwalimu, mganga na mhandisi hodari. Kama hujahamishwa, basi likizo moja uitoe kwa safari hiyo. Usiku utakapokula ugali wako, mwulize mwanao mahindi yale yametoka wapi, mwonyeshe kwenye ramani, na ahesabu. Akikwambia kilometa 855, mwambie amepata, lakini hiyo ni njia ya ndege. Gunia limekuja kwa ile nyingine.